Boliti Nne za Kiti cha Bibi

Akitoka shule, Siafu hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye karakana ya mama yake, akavua sare nyuma ya kabati la vifaa, akavaa ovaroli iliyomzidi mikono na kuingia kazini. Jina la Siafu walimpa mafundi kwa sababu akimng'ata mtu haachii. Hawakukosea hata kidogo.

Kazi ya mama yake watu wengi hawajawahi kuisikia. Alichukua magari ya mizigo akayageuza kuwa nyumba za kusafiria, zenye kitanda, jiko na meza ndani. Kwa kuwa ndani ya gari ni padogo, viti vya mbele hufungiwa vitako vinavyozunguka. Kitako hicho ni sahani mbili za chuma zilizopandana. Ya chini inakazwa kwenye gari, ya juu inakazwa kwenye kiti. Gari likiegeshwa, unakigeuza kiti kikatazama nyuma, na aliyekuwa mbele anajikuta amekaa mezani na wenzake.

Karakana ilikuwa na sheria moja isiyovunjwa. Aliyekaza kiti ndiye anayekikalia wa kwanza, siku gari linapojaribiwa. Mama alisema mtu akijua atakikalia mwenyewe, mkono wake hauzembei.

Sasa sikiliza jinsi ugomvi ulivyoanza. Wiki ile kaka yake Siafu, kijana mrefu anayejiona fundi kamili, alitoboa sakafu ya gari kwa drili bila kwanza kuchungulia chini. Drili ikapenya, ikakata nyaya za taa. Mama alipouliza, kaka akajibu bila kupepesa macho kwamba Siafu ndiye aliyekuwa akichezea drili. Siafu alipofungua mdomo kujitetea, Mama alimkatisha. Alimfokea mbele ya mafundi wote, akampokonya spana, akampa ufagio. Na yule muungwana akasimama pembeni akifuta mikono kwa kitambaa, mpole kama maji ya mtungi.

Siafu hakulia. Afadhali angelia, maana machozi humpunguzia mtu uchungu. Yeye alifagia, na kila alipousukuma ufagio alisema moyoni, dawa ya moto ni moto. Alimtazama kaka yake akikaza boliti nne za kiti cha abiria, akipiga mluzi. Alimsikia Mama akimsifu. 

Siku ya kulijaribu gari, Mama alizikagua boliti zote asubuhi akaridhika. Mchana mafundi walipokwenda kula, Siafu aliingia garini na spana aliyoiiba kabatini. Akazilegeza zote nne, moja baada ya nyingine, akaziacha zimeshikilia kwa mzunguko mmoja tu ili kwa macho zionekane sawa. Alijua Mama atalizungusha gari uani na kupiga breki ya ghafla, kama kawaida yake. Kaka atatupwa sakafuni na kiti chake, mafundi watacheka mpaka washike mbavu. Siafu alilionja tukio hilo kabla halijatokea, likawa tamu.

Saa ya majaribio ilipofika, mwenye gari naye akafika. Alikuwa mpiga picha anayezunguka sana, na safari hii alimleta mama yake mzazi, bibi mwembamba mwenye magoti mabovu. Kumbe kiti kile kiliagizwa kwa ajili yake, ili asihangaike kujipenyeza kutoka mbele kwenda mezani. Siafu alimwamkia, bibi akaitikia marahaba huku amekwisha kukishika kiti kwa mikono miwili.

"Nimekingoja siku nyingi hiki," alisema akikaa. "Mnizungushe."

Kaka alijaribu kueleza sheria ya karakana. Bibi akamwambia kwamba magoti yake hayajui sheria. Watu wakacheka, Mama naye akacheka, akasema leo tumsamehe mgeni, gari litakwenda taratibu tu. Akapanda upande wa usukani, akawasha gari.

Siafu aliona njia mbili tu. Akinyamaza, bibi ataanguka na kuvunjika. Akisema, mteja atajua, mafundi watajua, na kaka yake ndiye atakayecheka. Hilo la mwisho lilimuuma kuliko yote, sina haja ya kuficha. Gari likaanza kusogea. Siafu akautupa ufagio, akakimbia akasimama mbele ya gari, mikono miwili juu ya boneti.

"Mama, zima. Kiti kimelegea. Nimekilegeza mimi."

Injini ikazimwa. Mama alishuka, akamshusha bibi polepole, akainama chini ya kiti. Boliti zote nne alizitoa kwa vidole, akabaki amezishika kiganjani. Mpiga picha alikasirika, akataka kuondoka na gari lake saa ile ile, na nani angemlaumu?

Bibi ndiye aliyemzuia. Alimtazama Siafu, akasema mtoto huyu akikaze mwenyewe na akikalie mwenyewe, kisha yeye bibi atajua la kufanya.

Siafu alikaza, Mama akikagua kila boliti. Kisha akakaa. Mama alilizungusha gari, akapiga breki kwa nguvu mara tatu, kiti hakikutikisika. Siafu aliposhuka, kaka yake alikuwa hacheki. Alikuwa ameinamisha kichwa, na bila kuulizwa akasema kwamba nyaya za taa alizikata yeye.

Bibi akapanda tena. Mteja alipokwisha kuondoka, Mama aliwaketisha wanawe kwenye benchi.

"Siafu, ulitaka kumwangusha kaka yako," alisema. "Lakini boliti haijui umemkasirikia nani. Ukishailegeza, anaanguka yeyote atakayekaa. Na wewe kaka mtu, uongo wako ndio uliomtia mdogo wako spana mkononi. Utazitengeneza nyaya zile mwenyewe, na ufagio mtagawana."

Kisha akamgeukia Siafu.

"Mimi pia nilikosa. Sikukusikiliza, Siafu. Mtu akikudhulumu, njoo useme, nisiposikia sema tena." Aliwatazama wote wawili, na sauti yake ikashuka. "Kila siku napanda magari tuliyoyafunga sisi, na sijawahi kuogopa. Msinifikishe mahali pa kuogopa mikono ya wanangu."