Losa Haitiki Akiitwa

"Losa! We Losa! Lete maji!"

Kimya. Shangazi Telesia alikuwa jikoni akikuna nazi. Losa alikuwa uani, amempa mgongo, anafagia majani ya mshelisheli.

"Unamwona?" Telesia alimwambia jirani yake Sieni, ambaye ni muuguzi. "Maringo ya Auckland hayo. Unaita mpaka sauti inakauka!"

Losa alikuwa na miaka tisa, na nyumba hii ya Apia, mji mkuu wa Samoa, ilikuwa ya tatu kwake. Kwanza alilelewa na bibi yake mzaa baba kisiwani Savaii. Kisha baba yake, Tavita, akamchukua Auckland, New Zealand. Tavita alipopewa kazi ya usiku kiwandani, akamleta kwa dada yake Telesia. Hakuna aliyeona ajabu. Mtoto ni wa ukoo, na kila nyumba ya ukoo ni kwao.

Lakini shuleni mambo yalikuwa mabaya. Mwalimu alisema Losa hafuati lolote, na muhula ujao atarudishwa darasa la chini. Telesia aliona aibu. Akaamua kwamba baada ya Jumapili ya Watoto, sikukuu ambayo kila mtoto husema aya yake kanisani, Losa atarudi kwa bibi. Begi lilikuwa tayari mlangoni. Losa alilipita kila siku bila kulitazama.

"Hebu ngoja," Sieni alisema. Akanyata mpaka nyuma ya Losa. Watoto wa Telesia walikuwa wakicheza mbali zaidi, karibu na uzio. Sieni akasema kwa sauti ya kawaida, "Nani anataka mkate mtamu wa nazi?"

Wale wa uzioni walikuja mbio, nusura wamwangushe. Losa aliendelea kufagia.

Telesia alianza kucheka, kisha akaacha ghafla. Hakuna mtoto Samoa nzima anayeringia mkate wa nazi.

"Huyu hasikii vizuri," Sieni alisema. "Akikutazama anajibu, kwa sababu anafuata midomo yako. Amewahi kuumwa masikio?"

"Mimi nitajuaje? Tumuulize baba yake."

Wakampigia simu Tavita. "Ule ukimya? Mimi nilidhani ni haya za kijijini," alisema. "Mafua anayo kila mara. Lakini masikio, si mama angeniambia?"

Wakampigia bibi. "Alikuwa akilia masikio tangu mdogo," bibi alisema. "Nikamtia mafuta ya nazi, akanyamaza. Nikajua huko Auckland kuna madaktari, watamwangalia."

"Mmeona sasa?" Sieni alisema. "Mtoto amehama na begi lake, habari zake zimebaki nyuma. Kila nyumba ilidhani nyumba nyingine inajua."

Telesia aliinamisha kichwa. Miezi yote ile alikuwa akimgombeza mtoto asiye na kosa, na ilimuuma.

"Atapona?" aliuliza.

"Mafua ya mara kwa mara huweza kuacha majimaji ndani ya sikio. Sauti inapita kwa shida. Mara nyingi hukauka yenyewe. Yasipokauka, daktari huweka kibomba kidogo sikioni ili yatoke. Mpeleke hospitali apimwe. Na mafuta msitie tena, wala kitu kingine chochote."

"Na kwa sasa?"

"Mwalimu amkalishe mbele. Wewe ukitaka kusema naye, msogelee, akuone uso. Na mtoto akihama, waambieni wanaompokea anaumwa nini na masomo yake yamefika wapi."

Telesia alifanya hivyo. Alimfundisha Losa aya yake uso kwa uso, mstari kwa mstari. Jumapili ya Watoto, Losa alisimama kanisani na gauni lake jeupe, akaisema yote. Mwalimu alimkalisha mbele, na habari ya kumrudisha darasa ikaisha.

Majimaji hayakukauka, kwa hiyo safari ya kwa bibi ikasubiri, na daktari akaweka vibomba. Siku chache baadaye Telesia alijisahau. Akapaza sauti kutoka jikoni kama zamani: "Losa! We Losaaa! Lete maji!"

Losa alitokea na ndoo, amekunja uso.

"Shangazi, mbona unanipigia kelele? Mimi nipo hapa hapa."

Telesia alicheka huku machozi yanamtoka. Kisha akaenda mlangoni, akalifungua lile begi, akazipanga nguo za Losa kabatini pamoja na za watoto wake.