Mlafi na Madumu ya Maziwa

Kila siku akitoka shule, Chiriku hakuanzia jikoni kama watoto wengine. Alianzia yadini. Aliweka mkoba wake juu ya meza ya vifaa, akavua viatu vya shule visije vikaingia oili, kisha akashika ufagio. Alifagia vumbi na vipande vya waya, akamwaga maji ya mvua yaliyotuama juu ya maturubai, akafuta vioo vya boti moja baada ya nyingine. Yote hayo aliyafanya huku akizungumza, hata pasipokuwa na mtu wa kumsikiliza. Mtoto huyu ana maneno kama chiriku, watu walisema, na hatimaye jina lake la shuleni likabaki shuleni.

Yadi ilikuwa ya shangazi yake, kando ya maji, mwisho wa barabara ya maghala. Shangazi alinunua boti zilizotumika, akazitengeneza, akaziuza. Alikuwa fundi hasa. Injini ikikohoa mara moja tu, alijua ugonjwa wake. Chiriku aliishi naye tangu alipokuwa mtoto wa kubebwa mgongoni, na hakukumbuka nyumba nyingine isipokuwa chumba chao kilichokuwa juu ya stoo.

Miaka ya nyuma biashara ilikwenda vizuri. Kisha petroli ikapanda bei. Nauli zikafuata, unga ukafuata, hata sabuni nayo ikaona isibaki nyuma. Watu waliokuwa wakiringia boti kubwa wakaanza kuziona mzigo. Walikuja yadini mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na boti yake juu ya trela, wakitaka kuuza. Wauzaji walikuwa wengi kama utitiri, na wanunuzi walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Hao wachache nao hawakuuliza tena boti inakimbia vipi. Waliuliza jambo moja tu: inakula mafuta kiasi gani?

Kwa swali hilo, boti nzuri kuliko zote pale yadini haikuwa na jibu zuri. Ilikuwa ndefu, nyeupe, yenye mstari wa samawati ubavuni na injini mbili kubwa nyuma. Mwenyewe alikuwa akitembezea wageni, na wageni walipopungua akaiuza. Shangazi aliinunua muda mfupi kabla ya petroli kupanda, akatia humo karibu akiba yake yote. Chiriku aliibandika jina la Mlafi, na jina likaganda. Watu walikuja, wakamsifu Mlafi, wakampigapiga ubavuni kama ng'ombe wa mnadani, wakauliza swali lao, wakaenda zao.

Jioni moja wakati wa chakula, Shangazi alimweleza Chiriku ukweli. Mwenye kiwanja alikuwa amevumilia sana kucheleweshewa kodi yake, lakini sasa kulikuwa na mfanyabiashara aliyetaka pale pawe pa kuwekea mbao. Mlafi asipouzwa mwezi ule, yadi ingefungwa. Shangazi angekwenda kutafuta kazi kwenye karakana ya mbali, ambako mafundi hulala bwenini na watoto hawaruhusiwi, na Chiriku angepelekwa kwa jamaa asiyemjua vizuri. Shangazi aliyasema hayo kwa upole, akamwongezea mboga. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Chiriku alikosa la kusema.

Siku chache baadaye akaja mama mmoja mnene, mcheshi, amejifunga kanga mbili na mkononi ana kitambaa cha kufutia jasho. Alikuwa akinunua maziwa kwa wafugaji wa ng'ambo na kuyaleta mjini kila asubuhi. Alipanda boti za watu, na tangu mafuta yapande, wenye boti walimtoza mpaka faida yote ikawa inaishia majini. Alitaka chombo chake mwenyewe. Alimzunguka Mlafi, akacheka aliposikia jina lake, akasema atarudi kesho yake kwa majaribio. Kabla ya kuondoka aliuliza swali lile lile. Shangazi akamjibu kuwa mafuta inakula, hilo hamfichi, ila ni heri aione mwenyewe ikiwa majini.

Kuandaa boti kwa ajili ya majaribio ilikuwa kazi ya Chiriku. Alijua vinavyotakiwa: makasia, nanga na kamba yake, sanduku la vifaa, betri ya akiba, jaketi za kuokolea, na petroli nusu tangi. Mchana ule, huku akifuta viti, wazo likamjia. Boti ikiwa nyepesi haingurumi sana. Huinuka juu ya maji upesi, na anayeisikiliza hudhani haili kitu. Basi kwa nini asimpunguzie Mlafi mzigo, huyu mama wa maziwa aione kesho ikiruka kama panzi?

Akaanza na nanga. Akaiburuta mpaka stoo. Akafuatisha betri ya akiba, sanduku la vifaa, kisha makasia. Alibakiza jaketi kwa sababu zingevaliwa na zingeonekana. Mwisho akatia mpira tangini, akanyonya petroli kuingia kwenye madumu, akabakiza kidogo cha kuwatosha kwenda na kurudi. Mshale wa mafuta wa Mlafi ulikuwa umeharibika siku nyingi. Walipima kwa kijiti, na mpimaji alikuwa Chiriku mwenyewe.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Boti ilishushwa majini, Mama Maziwa akasaidiwa kupanda, jaketi zikafungwa. Shangazi alishika usukani, akageuka.

"Kila kitu kipo?"

"Kipo," alisema Chiriku, na neno hilo moja likamtoka kwa shida kuliko hotuba zake zote.

Mlafi aliondoka kama kishada. Aliinua pua, akateleza juu ya maji, na injini zake zikaimba kwa sauti ndogo. Mama Maziwa alishika kanga zake kwa mikono miwili, akacheka kwa furaha. Shangazi peke yake ndiye aliyekunja uso kidogo, kama mtu anayeonja mchuzi na kukuta kuna kitu kimekosekana.

Walikuwa mbali na yadi, karibu na ukuta wa mawe unaokinga bandari, injini ya kwanza ilipokohoa. Ya pili ikaipokea. Kisha zote mbili zikazima, na kimya kikawa kikubwa. Chiriku hakujua kwamba tangi la zamani hukusanya maji na uchafu chini, na kwamba petroli ikiwa chache, uchafu huo ndio hunyonywa na injini. Shangazi alijua. Ndiyo sababu alitaka nusu tangi siku zote.

Upepo ukaanza kuwasukuma kuelekea kwenye mawe. Shangazi hakubabaika. Alimwambia Chiriku ampe sanduku la vifaa ili yeye Shangazi asafishe chujio la petroli, kisha Chiriku ashushe nanga ili boti isisogee.

Chiriku alisimama pale, mikono mitupu. Ulimini alikuwa na uongo tayari: labda vimeibwa jana. Ulikuwa uongo mzuri, na nani angejua? Akamtazama shangazi yake, aliyekuwa amenyoosha mkono akisubiri sanduku bila shaka yoyote, na machozi yakamlenga.

"Havipo, Shangazi," alisema. "Nimevitoa mimi. Nanga, vifaa, makasia, vyote viko stoo. Na petroli nimeipunguza. Nilitaka boti iwe nyepesi, ionekane haili mafuta."

Mama Maziwa aliacha kucheka. Shangazi aliushusha mkono wake polepole. Alivua koti lake la kazi, ambalo lilikuwa jekundu, akapanda juu ya kiti na kuanza kulipunga. Mawe yalikuwa yakisogea, na sasa walisikia maji yakipasuka juu yake.

Aliyewaona ni kijana mmoja aliyekuwa akivusha watu kwa mtumbwi, ambaye mjini pale aliitwa Kasia. Hapo awali alikuwa na injini, lakini petroli ilipopanda aliiuza, akarudia kupiga makasia. Alikuja mbio, mgongo ukipinda na kunyooka, akawarushia kamba. Haikuwa kazi rahisi kwa mtumbwi kuvuta boti ndefu vile kinyume cha upepo, na Mama Maziwa na Shangazi walilala ubavuni wakipiga maji kwa mbao za viti. Ubavu wa Mlafi uligusa jiwe moja, ukakwaruzika mstari wa samawati, kisha wakachomoka. Walipofika yadini, mikono ya Kasia ilikuwa imechubuka.

Shangazi alitaka kumlipa. Kasia akakataa katakata.

"Dada Fundi, nilipokuwa na shida ya kuuza injini yangu, wote walitaka kuinunua kwa bei ya chuma chakavu," alisema. "Wewe ndiye uliyeniambia kuwa bado ni nzima, ukanipa bei yake ya haki. Leo nimepata njia ya kukushukuru, usiniharibie."

Wema hauozi, watu husema, na siku ile Chiriku aliuona kwa macho yake. Yeye alikuwa ameketi kwenye ngazi ya stoo, akisubiri adhabu. Shangazi alimgeukia Mama Maziwa, akamwomba radhi, akamwambia hatamlaumu akienda kutafuta boti kwingine. Mama Maziwa alijifuta uso kwa kitambaa chake kwa muda mrefu.

"Mtoto angeweza kusema vimeibwa," alisema mwishowe. "Amesema mwenyewe, mbele yangu. Basi kesho nitarudi na madumu yangu, nimeyajaza maji. Turudishe kila kitu ndani ya boti, tujaze na petroli. Nataka kuiona ikiwa na mzigo wangu."

Chiriku alivirudisha vitu vyote peke yake, kimoja kimoja, na nanga ilikuwa nzito kuliko jana. Shangazi hakumsaidia. Alipomaliza, Shangazi alimwita akaketi naye kwenye trela tupu.

"Najua ulitaka kunisaidia, mwanangu, na moyo huo nashukuru. Lakini mimi nilikuuliza kila kitu kipo, nikaliamini jibu lako, nikampakia mama wa watu juu yake."

Chiriku alilia, akaomba msamaha, akasamehewa. Hata hivyo usingizi haukuja upesi, maana alijua boti nzito ingesema ukweli wake wote.

Na ndivyo ilivyokuwa. Kesho yake, madumu yalipopangwa, Mlafi alizama nyuma, injini zote mbili zikanguruma kama zimekasirika. Waliporudi, Chiriku alitia kijiti tangini, akasoma kwa sauti bila kupunguza hata alama moja. Petroli ilikuwa imeshuka vibaya sana. Shangazi hakungoja kuulizwa. Alimwambia Mama Maziwa kuwa kwa injini zile, maziwa yake yote yangegeuka petroli. Mwili wa boti ulikuwa mzima, ule mkwaruzo ni wa rangi tu, ila ulibebeshwa injini za mtu anayependa kukimbia.

"Maziwa yako yanahitaji kufika kabla hayajachacha," alisema. "Hayahitaji kufika kabla hujaondoka."

Mama Maziwa akacheka tena, kile kicheko chake cha kutikisa boti. Ndipo Shangazi akatoa shauri: kule stoo kulikuwa na injini moja ya wastani, ile aliyoinunua kwa Kasia. Wangeshusha hizo mbili, wafunge hiyo moja, na bei ya boti ipungue.

Waliifunga, wakajaribu tena na madumu yale yale. Mlafi hakuruka. Alikwenda taratibu na kwa uhakika, na walipofika ng'ambo na kurudi, kijiti kilitoka tangini kimelowa karibu pale pale kilipolowa mwanzo. Mama Maziwa aliomba akipime yeye mwenyewe, akapima, akanunua boti siku ile ile. Na kwa kuwa hakujua kuendesha, akamwajiri Kasia awe nahodha. Kasia alisema injini ile anaijua hata kikohozi chake, na mikono yake iliyochubuka ilikuwa imechoka na makasia.

Bei haikuwa ile waliyoiota, lakini ilitosha yadi kubaki. Zile injini mbili kubwa ziko stoo mpaka leo, zimefunikwa turubai, zinamsubiri tajiri mwenye haraka.

Jioni ile, wakifunga lango, Chiriku alimuuliza Shangazi kwa nini Mama Maziwa aliwaamini baada ya yote.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema Shangazi. "Boti ikiondoka hapa, mwanangu, neno letu huondoka nayo. Siku injini itakapozima katikati ya maji, mwenye boti atalikumbuka neno letu kabla hajakumbuka bei. Petroli itapanda na kushuka, hilo hatuliwezi. Neno letu ndilo tunaloweza kulilinda, na wewe jana ulilivunja, kisha ukalirudisha kwa kusema kweli. Nakushukuru kwa hilo."

Chiriku alimkumbatia shangazi yake kiunoni, uso wake ukiwa kwenye lile koti jekundu lenye harufu ya oili, akashukuru kwamba kesho angeamka katika chumba kile kile juu ya stoo.

Tangu hapo, kila asubuhi Mlafi hupita mbele ya yadi akiwa amejaa madumu, na Kasia huacha chupa ya maziwa juu ya nguzo ya gati, salamu za Mama Maziwa. Chiriku huichukua kabla ya kwenda shule. Bado ana maneno kama zamani. Lakini boti ikishushwa majini na Shangazi akageuka kuuliza kama kila kitu kipo, yeye huwa hajibu papo hapo.

"Ngoja nikaangalie, Shangazi," husema, kisha hupanda ndani na kugusa kila kitu kwa mkono wake.