Shati la Alec kwenye Kamba

Jioni ile nilitoka kuanua nguo nikiwa nimefura kwa hasira. Bwana Geddes, katibu wa kamati ya jiwe la kumbukumbu ya mabaharia waliokufa, hapa bandarini kwetu Uskochi, alikuwa amelikataa jina la kaka yangu kwa mara ya tatu. Alec alikuwa mpiga mzinga aliyewekwa na jeshi kwenye meli ya mizigo, ikazamishwa vitani mwaka arobaini na mbili. Jeshi nalo liliniambia niwaulize wenye meli. Miaka minane nazungushwa kama mpumbavu.

Nilikuwa nimeanika nguo nne.

Zilikuwa tano.

Ya tano ilikuwa shati la kijivu lenye kiraka cha bluu kwenye kiwiko, kiraka nilichokishona mwenyewe. Nguo nyingine zilikuwa zimekauka. Lile lilikuwa linadondosha maji... to... to... to... Lilinuka chumvi na mafuta ya meli.

Alec alizama nalo.

Kwetu mwanamke hafui siku mtu wake anapoingia baharini, maana akifua, bahari itamfagia mtu wake kutoka sitahani. Asubuhi Alec alipoondoka, Mama alinisihi niliache shati lile. Nikalifua. Aliondoka nalo likiwa bado bichi mabegani. Sijamwambia mtu nilichomjibu Mama, na aibu yake inanila mpaka leo.

"Jessie," mtu alinong'ona nyuma ya shati. "Mimi nani?"

Nililivuta... Hapakuwa na mtu.

Nikalikumbatia likinilowesha kifua, nikakimbia nalo hadi kwa Geddes, nikalibwaga mezani kwake, kando ya sahani ya samaki aliyokuwa anakula.

"Mwandike," nikasema.

Geddes alilitambua. Aliweka uma chini. Lakini ni mbishi yule mzee.

"Nakuonea huruma, Jessie. Ila Alec alikuwa askari, hakuwa baharia."

Shati likaacha kudondosha.

Nililigusa. Kavu.

To... to... to...

Sauti ilitoka upande wake wa meza. Geddes aliinua mkono polepole. Maji meusi yalikuwa yanamchuruzika kutoka kwenye shati alilovaa yeye, yananuka mafuta. Akaniuliza kwa sauti ndogo amekosa nini.

Maneno yake, kwamba Alec ni askari na si baharia, ndiyo yale yale niliyomwambia Mama asubuhi ile, sabuni ikiwa mkononi.