Makabati Yaliyovaa Makoti

Kila akipika, Mama Mshonaji aligombana na makabati ya jikoni. Akifunga mlango huu, ule unafunguka. Droo ya vijiko haikutoka mpaka aivute kwa mikono miwili.

"Wiki hii yanang'olewa," alimwambia mumewe. "Yameoza. Nataka mapya."

Baba mkwe, aliyeyaunda kwa mikono yake zamani, alikuwa palepale mezani. Aliendelea kunywa chai yake.

Mume akamwita jirani yao, Fundi, seremala, aje kuyabomoa. Fundi alikuja na bisibisi tu. Akaanza kuichomeka kwenye mbao, moja baada ya nyingine.

"Mbao iliyooza, bisibisi inazama," alieleza. "Hizi ni ngumu."

Ilizama mahali pamoja tu, chini ya sinki.

"Ubao huu tutaubadilisha, shemeji, lakini kwanza tuzibe bomba linalovuja. Mengine ni mazima. Mnapaka rangi mara ngapi?"

"Kila mwaka, miaka kumi na miwili sasa," Mama Mshonaji alijibu kwa fahari.

"Juu ya ile ya zamani?"

"Sasa nipake wapi, ukutani?"

Fundi akacheka. "Ndiyo maana hayafungi. Umeyavisha makoti kumi na mawili ya rangi."

Walifungua milango kwenye bawaba, wakachomoa droo, wakavipeleka vyote uani, wakaosha mafuta kwa sabuni. Fundi akawapa barakoa, akawafukuza watoto waliokuja kutazama.

"Rangi ya zamani huenda ina sumu. Iloweshe kwanza, usiikwangue kavu. Mbao ikikauka, piga msasa kufuata mistari yake. Mwisho vanishi, nyembamba."

Mama Mshonaji alikwangua, akakwangua, kisha akaacha. Mti mwekundu ulikuwa umejitokeza, mistari yake ikipinda taratibu. Pembeni, vipande viwili vya mbao vilikuwa vimeng'atana kama vidole vya mikono miwili. Hapakuwa na msumari hata mmoja.

"Sijawahi kuunga hivi," Fundi alisema kwa sauti ya chini. "Siwezi."

Siku ya nne, bomba likiwa limezibwa na ubao uliooza umebadilishwa, milango na droo zilirudi jikoni. Droo ilitoka kwa kidole kimoja, na milango ikafunga bila kelele. Mama Mshonaji alimgeukia mzee, machozi yakimlengalenga.

"Baba, nilitaka kuyafanya kuni. Mbona hukuniambia?"

Mzee alipitisha kiganja juu ya mlango, polepole.

"Ningekwambia nini, mwanangu? Hata mimi nilidhani yameisha."