Siku Breki Ziliponyamaza

Kila asubuhi, kabla ya kufungua duka la dawa, Jocelyne alinyunyiza maji barabarani. Alichota kwa kiganja ndani ya beseni, akarusha kushoto, akarusha kulia, ili vumbi la mji wa Baraka litulie kidogo na chupa za dawa zisigeuke nyekundu kabla ya mchana. Asubuhi moja alikuwa ameinama hivyo hivyo, kitenge kimekazwa kiunoni, mlio mkali wa breki ulipopasua soko zima. Mbuzi waliruka. Muuza samaki wa ndagala aliziba masikio. Jocelyne alishtuka akarusha beseni lote, na maji yakaingia kwa dirisha la taxi nyeupe iliyosimama mbele yake.

Dereva alitoka, bega moja likichuruzika.

"Pole sana, dada. Nilisimama mbali, lakini hizi freni! Zinashika muzuri, tatizo ni makelele tu."

"Na mi nimekumwangia maji," Jocelyne alisema kwa sauti ndogo mno.

"Iko sawa. Ndani umeshaosha. Sasa imebaki inje."

Alicheka bila kutaka, akafunika mdomo kwa mkono. Ndivyo alivyokuwa. Pamoja na diploma yake ya uuguzi, wateja walilazimika kuegemea kaunta ili wamsikie akiwaeleza namna ya kumeza dawa.

Kijana yule aliitwa Eloge Nibigira, dereva wa njia ya Baraka kwenda Fizi. Kesho yake alirudi kununua dawa ya kichwa. Keshokutwa, tena dawa ya kichwa.

"Hii kichwa yako haiponi?" Jocelyne aliuliza.

"Ku Fizi inapona kabisa. Nikifika tu hapa, inaanza."

"Basi usikuje hapa."

"Unanifukuza, Jocelyne? Dawa ikiisha nitakufa ku mulango yako, na utanizika weye."

Kuanzia hapo simu hazikukatika. Eloge alimpigia akiwa juu mlimani kabla ya kuteremka, akampigia tena akifika parking. Mupenzi, umekula? Nimekula sombe. Umeniachia? Kuja ulambe sahani. Jocelyne aliyaongea hayo amejikunja nyuma ya rafu za dawa, uso ukimwaka.

Lakini kila jioni Eloge alipomrudisha, alimshusha kwenye kona ya bomba la maji, wala hakumfikisha nyumbani.

"Juu ya nini nisikufikishe ku mulango?"

"Na hizo freni? Bantu ba kartie nzima batatoka inje, bakizani ni ajali."

Eloge alicheka. Jocelyne naye alicheka, ila macho yake yalikuwa kwenye mkoba. Nyumbani alikuwa Tantine Émilienne, shangazi aliyemlea tangu mama yake alipofariki, kiongozi wa kwaya ya wamama, mwanamke aliyeheshimiwa hadi Fizi. Tantine alikuwa na maneno yake kuhusu vijana wa kambi ya wakimbizi. Wanakuja na mfuko mmoja, alisema, kesho wanarudi kwao na mfuko mmoja, na mtoto wako anabaki akilia. Na Eloge alivuka kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake. Akakulia kambini. Mama huyo hadi leo alilima mihogo kando ya kambi.

Kisha ikaja harusi ya Vanessa, binamu wa Jocelyne, kule Swima. Magari yalikuwa machache, na Eloge akajitolea kuwabeba wamama wa kwaya, Tantine akiwa mmoja wao, bila malipo. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi mikunjo ikasimama kama kadibodi. Jocelyne alikaa mbele, amevaa kitenge cha sare cha kijani, mikono mirefu ya blauzi ikipepea dirishani, na kwa safari nzima ya kando ya ziwa alijiona yeye ndiye bibi arusi.

Walifika wakati maarusi wamesimama kwa sala. Watu kimya. Eloge akakanyaga breki.

Mlio ule ulikwenda ukarudi. Mtoto alianza kulia. Msema-maneno wa sherehe akashika maikrofoni: "Bandugu, musiogope! Ni mbuzi ya mahari, imekuja yenyewe!"

Uwanja mzima uliangua kicheko. Jocelyne alishuka, na hapo hapo Tantine akamshika kiwiko.

"Niliona namna anakuangalia njiani. Huyu kijana ni nani yako?"

"Ni dereva tu, Tantine. Mi hata simujue."

Eloge alikuwa nyuma yao, amekumbatia sufuria la wali alilosaidia kuteremsha. Aliliweka mezani taratibu, akafuta mikono kwa leso, akaenda kukaa ndani ya gari. Hakula kitu. Aliwarudisha wote salama, na hakusema zaidi ya kwaheri.

Alipiga simu siku iliyofuata.

"Nataka kuuliza kitu kimoja. Ulisikia aibu ya freni, ao ya mimi?"

Jocelyne aliukaza mkono kwenye kaunta. Jibu alilijua.

"Ya freni, Eloge. Bantu bote balicheka."

Sauti ya Eloge ikawa nyepesi, kama ya mtu aliyetuliwa mzigo.

"Eh! Ni hiyo tu? Basi nitazitengeneza. Hazitalia tena."

Akaanza. Alifungua magurudumu ya mbele mwenyewe, akasugua plakete, vile vibao vya breki, kwa msasa. Breki zikanyamaza hadi kuvuka soko tu, kisha zikalia tena. Aliagiza plakete mpya kutoka Uvira. Akampigia Jocelyne akiwa mteremkoni, simu amempa abiria aishike: "Sikiliza, chérie, nakanyaga!" Na kupitia simu ukaja mlio ule ule, na nyuma yake abiria wakipiga kelele za kumcheka. Eloge alicheka pamoja nao. Jocelyne hakucheka. Kila mara alipomsikia akihangaika hivyo, alimwona machoni pake. Mtu mzima alikuwa amelala chini ya gari, matope masikioni, akitafuta kosa ambalo halikuwa pale. Lilikuwa kwa Jocelyne. Alitaka kumwambia. Akafungua mdomo mara nyingi, na mara zote akauliza kama amekula.

Mwishowe simu ikaja kutoka garaji moja ya Fizi.

"Tumepata! Fundi Bonaventure ametoa kila kitu. Nyuma ya plakete kunakuwaka vibati vyembamba, vya kuzizuia zisitetemeke. Vyangu havikukuwamo! Sijue fundi gani alivitupa. Na vyuma vinavyobeba plakete vilikauka, vimejaa udongo. Tumesafisha, tumetia grisi, tumeweka vibati. Nitakuja kukuonyesha."

Jioni hiyo Jocelyne alikuwa akifuta rafu. Alipogeuka, Eloge alikuwa amesimama mlangoni, na taxi imesimama nyuma yake.

"Haukusikia kitu?"

"Sikusikia."

"Ndiyo vile!" Alikuwa anang'aa. Alivaa lile shati la harusi, na kucha zake bado zilikuwa nyeusi za grisi. "Funga famasi. Leo nakufikisha ku mulango. Nimusalimie Tantine, aone ile mbuzi imekufa."

Jocelyne alitazama barabara. Saa ile Tantine angekuwa kibarazani, akichambua maharagwe, majirani wamemzunguka. Maneno yalimtoka kabla hajayazuia.

"Leo uniache tu ku kona."

Eloge aliendelea kutabasamu kidogo, kama mtu ambaye habari bado haijamfikia. Kisha ikamfikia.

"Freni iko kimya, Jocelyne."

"Najua."

"Basi haikukuwa freni."

Hakubamiza mlango wa gari. Aliondoka polepole, na kwenye makutano ya soko taa zake nyekundu ziliwaka, gari likasimama, likapinda, pasipo sauti yoyote. Jocelyne angetoa chochote lipige kelele.

Alimpigia, hakupokea. Akaandika ujumbe, akaufuta. Aibu aliyokuwa anaiogopa kwa watu, ile ya kuchekwa uwanjani, ilikuwa imepita na harusi. Hii mpya ilikaa naye mezani, ikalala naye, ikamtazama kwenye kioo alipopaka mafuta. Kila mgonjwa aliyeomba dawa ya kichwa alimchoma.

Jumamosi alifunga kilemba chake nadhifu, akamwachia mwenzake funguo za duka, akaenda parking. Taxi nyeupe ilikuwa karibu kujaa. Nyuma walikaa wanaume wawili wa kwenda Fizi na mama mmoja amepakata kuku. Mama huyo aligeuza uso, na Jocelyne akamtambua: Mama Marthe, wa kwaya ya Tantine, mtu ambaye habari haikuwahi kulala kwake. Mguu wake ulirudi nyuma wenyewe. Akaulazimisha mbele. Akafungua mlango, akakaa kiti cha mbele.

Eloge hakumwangalia. "Fizi?"

"Hapana," alinong'ona. "Kwetu. Kisha utaendelea na safari yako."

"Ku kona?"

"Nilikudanganya, Eloge. Ile siku nilisikia..." Sauti ikamezwa na muungurumo wa lori lililopita.

"Dada!" mmoja wa wanaume aliita. "Hii inaonekana ni habari tamu. Ongeza sauti, huku nyuma hatupate kitu!"

"Mumuache," Mama Marthe alisema, akisogea mbele na kuku wake.

Eloge alizima injini. Parking nzima ikawa kama inangoja. Jocelyne akageuka kitini, akamtazama Mama Marthe usoni, akasema kwa sauti ambayo hata wauza mkate wa upande wa pili waliisikia:

"Mama Marthe, huyu ni Eloge Nibigira. Mama yake alitoka Burundi, analima mihogo ku kambi. Mi nilimukana mbele ya Tantine juu nilisikia aibu ya kwao, na nikasingizia freni, na yeye akaamini. Leo nasikia aibu ya mimi mwenyewe. Namupenda. Nataka anipeleke mpaka ku mulango, na Tantine akiuliza, nitamuambia ni huyu nataka anioe."

Eloge akawasha injini, na walipofika kwenye kona ya bomba la maji, hakusimama.