Pumzi ya Mpiga Zeze

Namtanguliza Mola, aliyeziumba nyoyo akazipa masikio, na akajaalia sauti ya mbali imlize mtu asiyemjua mwenye kuitoa. Rehema na amani zimfikie Mtume wake na jamaa zake wote. Baada ya hayo, wajulikane wenye kisa.

Wa kwanza ni Masinde, kijana wa Mumias, aliyesoma chuo cha Kurani kwa ami yake Shabani mpaka akahitimu, kisha akaja Nakuru kuuza katika duka la santuri karibu na stesheni. Alikuwa mtanashati: kofia nyeupe iliyodariziwa, suruali ya kaki iliyonyooshwa kwa pasi, na sikio lisilovumilia kosa la lugha. Wa pili ni Chepkemei binti Kiplangat, wa Sotik, aliyelelewa misheni. Alimtunza mjane wa Kizungu katika shamba moja nje ya Molo, na kwa kuwa mikono ya bibi yule ilikuwa ikitetemeka, Chepkemei ndiye aliyemwekea sahani za santuri kwenye gramafoni na kuzigeuza. Wa tatu ni mzee Kosgei, mwenye lori la viazi, aliyefiwa na mke, mvaaji wa koti zuri na kofia ya rangi ya kahawia. Huyu hakutenda lolote katika kisa hiki, naye ndiye aliyechukiwa kuliko wote.

Ilikuwa Jumamosi, katika mwaka wa hamsini na sita, na duka limejaa. Makarani wa reli, wakulima, askari walio likizoni, kila mmoja ataka apigiwe sahani yake kabla ya mwenziwe. Masinde, kwa kujiiba, akaweka sahani mpya iliyotoka Ulaya: muziki wa zeze kubwa, lile linaloshikwa katikati ya magoti, likijibizana na kundi zima la wapigaji. Wateja wakanung'unika kwamba hayo ni mambo ya matangani. Mlangoni akasimama msichana mwenye gauni la buluu na ukosi mweupe, sweta ya kufuma kwa mkono, kikapu, na viatu vilivyojaa vumbi la barabara ya Molo. Hakusogea mpaka upande ule ukaisha.

"Hii inakimbia," akasema. "Sisi kwa bibi tuko na ya zamani, muziki ni huu huu. Ile sahani nampenda sana."

"Sahani haipendwi hivyo, binti," Masinde akamjibu. "Sahani unaipenda. Ukisema unampenda, huyo ni mtu."

Chepkemei akamtazama kuanzia kofia hata viatu. "Basi, Mwalimu, naipenda. Na hii yako siipendi. Hapo nimekosea wapi?"

Masinde hakuwa na jibu, na kwa mtu wa namna yake, kukosa jibu ndiko kulikokuwa mwanzo wa mapenzi.

Tangu siku hiyo, kila Alhamisi mchana, bibi alipolala, simu ya duka ililia. Masinde aliweka kisikilizio karibu na gramafoni yake, kisha Chepkemei akaweka cha Molo karibu na yake, na baada ya hapo wakabishana. Masinde alisema kwamba muziki wa Chepkemei umekatwakatwa juu ya sahani nyingi nzito. Kila baada ya muda mfupi husimama sahani igeuzwe, kama msafiri wa siku hizo za hali ya hatari anayedaiwa kipande chake cha utambulisho kwenye kila kizuizi. Chepkemei alijibu kwamba pale anapoinuka kuigeuza, moyo hupata nafasi ya kuuomba muziki urudi. Wakafika kwenye ile sehemu ya polepole.

"Yako inapita kama mtu anayejua njia," akasema Chepkemei. "Yangu inapita kama mtu asiyetaka kufika."

"Na wewe, moyo wangu, hutaki kufika?"

"Inategemea ni wapi, Mwalimu. Na niambie kama hiyo 'inategemea' iko sawa."

Ilikuwa sawa. Alikwisha kuwa hodari, na kila alipotamka "naipenda" aliivuta ile i kwa makusudi, ili kumchokoza. Masinde naye akamnunulia ile sahani mpya, akaifunga kwa karatasi nyekundu, akamsihi aizoee. Chepkemei akaipokea kwa mikono miwili, akaahidi kujaribu.

Mapenzi yao yakafikia hatua ya kupelekwa kwa wazee. Masinde aliwauliza wenye elimu, wakamwambia binti wa watu wa Kitabu ni halali yake. Kiplangat kwa upande wake alisema hana neno, ila mwanawe asilazimishwe kuacha kanisa. Siku ikawekwa ya ami Shabani kwenda Sotik kuposa.

Lakini wivu ulikuwa umeshaingia, na uliingia kwa lori. Chepkemei alikuwa akija mjini katika lori la mzee Kosgei, na siku moja Masinde, akiwa kibarazani, alimwona yule mzee akishuka kwanza, akizunguka, akamfungulia mlango na kumshikia kikapu. Akamuuliza ni nani. Chepkemei akasema ni mtu mwema, na njia nzima humsimulia habari za marehemu mkewe. Masinde akasema vyema. Jioni ile hakula. Alijiona akilitazama koti lake mwenyewe, lililopauka mabegani, na akajiuliza mgane wa umri ule ananunua koti jipya kwa ajili ya nani.

Wiki ya posa yenyewe, alipiga simu Molo. Laini ya mashambani ilikuwa moja kwa nyumba kadhaa, na aliyeunganisha akamtumbukiza katikati ya mazungumzo ya wengine. Chepkemei alikuwa akiongea na Akoth, mpishi wa shamba la jirani.

"Kijana ana nguvu, sikatai," alikuwa akisema, "lakini hajui kungoja. Mzee ndiye ninayempenda. Kabla hajaanza nasikia akivuta pumzi, na mimi pumzi yangu inakatika."

Akoth akacheka. "Na Masinde umemwambia?"

"Bado. Naogopa kumvunja moyo."

Masinde akakirudisha kisikilizio mahali pake kama mtu anayeweka yai.

Angekuwa ni msichana mwingine wa bara, Masinde angesema ulimi umemteleza. Lakini huyu alimfunza mwenyewe, na tangu kufunzwa hajakosea. "Ninayempenda" ni mtu. Na kwa alivyojua Masinde, mzee aliyekuwa karibu na Chepkemei alikuwa mmoja tu: mwenye lori. Akamwendea ami Shabani, akamwambia safari ya Sotik haipo. Ami akataka sababu, hakuipata. Alhamisi simu ikalia, Masinde akaendelea kupanga sindano za gramafoni katika vikasha vyake, na tajiri wake alipouliza mbona hapokei, akasema wamekosea namba.

Jumamosi Chepkemei akaingia dukani. Alikuwa na gauni lile lile la buluu, kitambaa kimefungwa kwa nguvu kichwani, na kikapu kizito amekikumbatia. Hakuamkia.

"Siku ya posa baba aliwaketisha wazee tangu asubuhi," akasema. "Mama akawapikia. Mpaka jua linaingia wanaangalia njia. Mimi nimekuja kuuliza tu."

"Ukamuulize huyo mzee unayempenda," akasema Masinde. "Kijana hajui kungoja. Nilikusikia kwenye simu, wewe na Akoth."

Chepkemei akakitua kikapu mezani. "Kwa hiyo ni hiyo tu?"

"Wewe unaiona ndogo?"

"Naona kwako ni kubwa. Nilijua utaumia, ndiyo nikangoja. Basi nimekuja naye. Msikilize mwenyewe."

Masinde akageuka kutazama barabarani, akilitafuta lori, amekunja ngumi. Barabara ilikuwa tupu, isipokuwa mkokoteni wa maji. Alipogeuka tena, Chepkemei alikuwa amekifungua kikapu, na ndani ya blanketi zilikuwa zimelala sahani za zamani, nyeusi, nzito, alizoazimwa na bibi yule wa Molo.

"Hii ni sahani," Masinde akasema, sauti imemshuka.

"Sahani ni hii, na hii naipenda. Anayepiga ni mtu, Mwalimu, ni mzee; na kijana ni yule wa sahani yako. Weka."

Akaiweka. Ikakwaruza kidogo. Kisha, kabla ya zeze, ikasikika: pumzi ya mwanamume mzee, akiivuta kama mtu anayejitayarisha kubeba mzigo alioubeba jana na juzi. Halafu zeze likaanza peke yake. Masinde alisikiliza upande mzima, lakini hakuitazama ile mashine. Alimtazama Chepkemei, namna alivyofumba macho katika ile pumzi, na akajua kwamba hajawahi kufumbiwa macho hivyo. Wivu haukuondoka. Ulihama tu kutoka kwa mwenye lori ukaenda kwa mtu asiyeweza kupigwa wala kushindwa.

Ndipo akamweleza habari ya Kosgei, yote, mpaka koti. Chepkemei akacheka hata akashika meza. Kisha kicheko kikakatika.

"Wivu wa sahani ningekusamehe leo leo," akasema. "Lakini uliniona mimi mtu wa namna hiyo, hukuniuliza, ukamwachia baba yangu aibu. Hapo simtaki ami yako. Utakwenda wewe, ukae mbele ya wazee wale wale, useme sababu. Hii hii. Usiipunguze."

"Watanicheka."

"Watakucheka sana."

Masinde akaenda Sotik. Wazee walikuwa wamevaa makoti yao ya jeshi, na Kiplangat, aliyejifunza Kiswahili vitani, alimwacha asimame muda mrefu kabla ya kumwonyesha kigoda. Akasema yote: simu, herufi moja, lori, koti, kikapu. Alipofika kwenye "nimekuja naye," mmoja wao alilazimika kutoka nje. Kiplangat peke yake hakucheka.

"Huyo mzee wa sahani," akauliza, "ana ng'ombe?"

"Hana, baba."

"Na binti yangu anampenda."

"Anampenda."

"Na wewe utakaa naye nyumba moja?"

Masinde akafikiri, maana jibu jepesi lilikuwepo na alilijua. "Nitakaa naye, baba. Ila wivu nitaona."

Kiplangat akawageukia wenzake. "Huyu hajui kudanganya," akasema. "Mleteeni maziwa."

Aliyeyaleta ni Chepkemei. Mbele ya wazee hakumtazama usoni. Lakini alipompa kibuyu hakukiachia mara moja, na mikono yao minne ikakaa juu yake mpaka mama mtu akakohoa.

Wakaoana, na nyumba yao ya Nakuru ikawa na sahani za aina zote mbili. Wote wawili wametangulia mbele ya haki. Mola awarehemu, amrehemu na mzee Kosgei aliyechukiwa bila kujua. Na sisi tuliobaki, na watoto wao waliobaki, na kila aliyelala leo kando ya mwenzi asiyeujua moyo wake wote, atujaalie ulimi wa kuuliza kabla ya kuhukumu, na subira ya kupendana hata katika tusivyovielewa. Amina.