Viatu Safi vya Maiti

Maiti ya Desmond Pratley ililala kifudifudi kwenye matete, kisogo kimepasuka.

Zamani hapa palikuwa kiwanda cha kuyeyushia shaba. Siku hizi ni hifadhi, fahari ya Newcastle: bata, matete na vyura adimu. Pratley alikuwa mtaalamu aliyekuja kupima udongo.

"Kateleza, akajigonga," alisema Konstebo Dinh.

Inspekta Noelene Vukic alichuchumaa. "Tope limekufika vifundoni, Dinh. Mbona soli zake zinang'aa?" Akanusa. "Dawa."

"Ile ya karai la langoni? Ya kuosha viatu, tusiwaletee vyura ugonjwa?"

"Hiyohiyo. Kisha akapaa mpaka hapa?"

Alibebwa. Kwenye ghala la wanaojitolea walikuta toroli lenye damu. Ufunguo alikuwa nao mtu mmoja tu: Keith Brannigan, fundi mstaafu wa tanuri za kiwanda kile. Wakamkalisha kituoni.

"Mzee Keith, toroli lina damu," alisema Vukic.

"Na wewe uliingia bila kuosha viatu. Nilikuona."

"Kulikuwa na maiti, mzee. Nilikuwa na haraka."

"Kila mtu ana haraka."

"Isipokuwa wewe. Ulimpiga nje ya lango, ukampakia, halafu ukasimama kumwosha maiti viatu! Muuaji gani wewe?"

Keith alitazama viganja vyake. "Alitoka kuchimba kwingine. Ningemwingizaje na uchafu ule?"

Dinh alitaka kucheka. Akaghairi.

"Kwa nini ulimuua?"

"Aliniambia sumu ya zamani imevuja, bwawa litafukiwa kwa zege. Sumu hiyo niliizika mimi, Inspekta, kwa koleo langu. Na matete niliyapanda mimi. Nikasema akinyamaza huyu, basi."

"Alikuwa ameshasema. Malori yanakuja Jumatatu."



"Vyura hawajalia msimu huu," alisema Keith. "Nilijiambia wamechelewa."

"Uliamini?"

"Hapana."

"Ulimpiga kwa koleo hilohilo? Liko wapi?"

"Bwawani. Nililiosha kwanza."

Wakamrudisha hifadhini akawaonyeshe. Langoni, na pingu zake mikononi, alichovya kiatu cha kulia, kisha cha kushoto, akasubiri.

Vukic naye akachovya.

"Inspekta," Dinh alinong'ona, "si hakuna chura humo tena?"

"Osha tu, Dinh."